Hakuna Anayenibishia

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nimepewa na Metroni niandikie muhtasari wa vikao. Kurasa za mbele ni za vikao. Huku nyuma nitaandika mengine, kwa kuwa karatasi ni nyingi na jioni siku hizi ni ndefu.

Aliniita ofisini kwake asubuhi. "Kaka, mvua hizo zimeshaanza. Mwaka jana zilituaibisha, wodi zikakaa bila mashuka. Nataka ninyi wa ufuaji mkae kila Jumatatu, mpange wiki. Wewe utaongoza."

Nikamwambia mimi ni mtunza stoo ya mashuka tu, sijapata kuongoza kitu chochote.

"Una mwandiko mzuri na hugombani na mtu," akasema. Halafu akashusha sauti. "Na kichwa chako kitapata kazi."

Ni wiki ya sita tangu mke wangu afariki. Shinikizo la damu, Jumapili mchana, akiwa anamsuka binti yetu. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umekwisha kusukwa. Alikuwa mhudumu wa wodi ya wazazi, na paa la wodi hiyo naliona kutoka dirisha la stoo.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Mashuka yameanikwa na kuanuliwa mara tatu.

Ijumaa, 8 Machi

Metroni amenipa somo la dakika kumi akiwa amesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa. Nimeliandika ili nisisahau. Ajenda iwe swali, isiwe kichwa cha habari. Nisiandike "Mashuka", niandike "Tufanye nini wodi zipate mashuka kabla ya saa moja asubuhi?" Kila tunachoamua kiwe na jina la mtu na siku. Wanaosema sana niwapunguze, walio kimya niwaulize. Kazi ikiisha mapema, nifunge, nisitafute maneno ya kujazia muda.

"Na mengineyo?" nikamuuliza, maana vikao vyote nilivyowahi kukaa huishia kwenye mengineyo.

"Mengineyo ndiko watu wanakoficha jambo lenyewe," akasema. "Yasikilize vizuri."

Jumatatu, 11 Machi

Kikao cha kwanza. Tulisimama kuzunguka meza ya kukunjia, kwa sababu viti viko vitatu na sisi tuko wanane. Niliogopa tangu alfajiri, kisha nilipofika nikakuta siogopi kitu. Siku hizi mambo hunifika yakiwa yamepoa.

Mashine moja ya kukaushia imekufa, imebaki moja. Nikaeleza mpango wangu. Tufue wodi kwa zamu, na ya wazazi iwe ya mwisho, kwa kuwa mashuka yake yana damu na yangechelewesha mengine. Yatakayobaki na unyevu yaanikwe kwenye korido ya boila.

"Kuna mwenye neno?" nikauliza.

Fundi, ambaye mashine zote ziko chini yake na ambaye hajapata kukubaliana na mtu hata kuhusu saa ni ngapi, akasema, "Sawa kabisa, kaka."

Bibi Pasi naye, aliyepiga pasi hospitali hii tangu mimi sijaajiriwa, akasema, "Mpango mzuri, mwanangu. Mzuri sana."

Msukuma toroli anayepeleka mashuka wodini, tunamwita Toroli na hata mkewe humwita hivyo, alikuwa anaangalia viatu vyake. Nikamuuliza, kama Metroni alivyonifundisha. "Mimi nipo na nyie," akasema.

Dakika kumi na nne. Metroni aliposikia hakuamini. "Fundi hakubisha? Basi wewe una kipaji."

Jumamosi, 16 Machi

Nimefua sare ya mke wangu. Sijui kwa nini, haina wa kuivaa.

Jumatatu, 18 Machi

Tumepata mtu mpya, mama mmoja aliyehamishwa kutoka jikoni. Tayari wameshampa jina, Mgeni. Nilipokuwa nasoma yatokanayo na kikao kilichopita, akanyoosha mkono.

"Samahani, mwenyekiti. Hapo kwenye wodi ya wazazi sijaelewa. Damu ikikaa siku nzima si inaganda? Kwa nini hayo yasiwe ya kwanza?"

Nilikuwa nafungua mdomo nimjibu. Nikamwona Bibi Pasi anasogea, anamkanyaga mguu. Hakumkanyaga kwa bahati mbaya. Mgeni akamwangalia, Bibi Pasi akafumba macho na kutikisa kichwa taratibu.

"Basi," Mgeni akasema. "Nimeshaelewa."

Nikaandika kwenye muhtasari kwamba hoja ilitolewa na kujibiwa. Baadaye nilipoisoma nikaona haikujibiwa. Sikuifuta.

Jumanne, 19 Machi

Mvua.

Jumatatu, 25 Machi

Dakika tisa. Mgeni naye sasa anaitikia kama wengine. Anaitikia hata kabla sijamaliza sentensi.

Mke wangu tulipokuwa tunarudi nyumbani kwa miguu alikuwa akibishana nami njia ya kupita, kila siku, na njia zenyewe ni mbili tu. Nikisema ya sokoni, yeye ya shuleni. Nikisema ya shuleni, anasimama, "Leo hiyo ina matope." Sasa napita yoyote.

Ijumaa, 5 Aprili

Katibu wa hospitali amepita ufuaji akiwa na mtu mwenye ubao wa kubania karatasi. Walipima mlango kwa utepe. Fundi amesema mtu huyo ni wa kampuni ya kufua ya nje.

Jumatatu, 8 Aprili

Kikao. Wote wamekubali. Sikumbuki walikubali nini, imenibidi nisome.

Jioni nimemwambia binti yangu ahamie kwa shangazi yake hadi mitihani iishe, kule kuna utulivu. Nilijua hataki. Akasema, "Sawa, baba." Nikamwambia basi, abaki. Akasema, "Sawa, baba."

Jumatano, 17 Aprili

Nitaandika yote, kwa kuwa Metroni amesema nitaulizwa.

Jana usiku walizaa akina mama saba. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu simu ya stoo ililia, sista wa wodi ya wazazi ananiuliza mashuka yako wapi. Nikaenda korido ya boila. Mashuka ya wodi yake yalikuwa yananing'inia pale, yote mabichi, na madoa yamekaa rangi ya chai. Hayakufaa kupelekwa popote. Stoo nilikuwa na manne makavu. Nikayabeba mwenyewe mikononi, nikapita mvuani nimeyafunika kwa koti.

Sijaingia wodi ile tangu Januari. Nilimkuta msichana mmoja, hazidi miaka ishirini, amelala juu ya godoro tupu la plastiki, mtoto kifuani, ametandika chini yake gauni alilokuja nalo. Plastiki ilikuwa inamnata mgongoni. Kila akisogea inatoa sauti.

"Samahani, dada," nikamwambia. "Tumechelewa."

"Hamna shida, baba," akasema. Hata yeye.

Nilitandika. Nilikuwa namgeuza upande mmoja, nanyoosha, kisha upande mwingine. Wengine watatu walikosa hadi saa nne.

Saa tano Katibu alikuja ufuaji. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Sitaki maelezo. Jumatatu ya tarehe ishirini na tisa nitakuja kwenye kikao chenu, pamoja na masista wakuu wa wodi zote. Mkinionyesha kwamba jambo hili halitarudi, mtabaki. La sivyo mwezi wa tano kazi inakwenda nje, nanyi mtapangiwa kwingine, watakaopata nafasi."

Alipoondoka nikawageukia. Nikasema kosa ni langu, mpango ulikuwa wangu. Nilitaka mmoja tu aseme ndiyo, ni lako.

Bibi Pasi akanishika bega. "Usijilaumu, mwanangu. Ni mvua."

Fundi akasema, "Ni mvua tu, kaka."

Nimekaa stoo hadi saa ya kufunga nikiwaza jambo moja. Fundi anajua kwamba damu inataka maji baridi, tena mapema. Ana miaka kumi na tisa kwenye mashine. Alijua tangu tarehe kumi na moja Machi, akasema sawa kabisa. Vikao vyangu ni vifupi kwa sababu si vikao. Ni watu wanaokuja kunipa pole kila Jumatatu.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua kubwa. Nimeandika ajenda ya Jumatatu mara tano.

Jumatatu, 22 Aprili

Nilifika mapema nikaleta viti vya kuazima kutoka kliniki ya meno, ili tukae. Nikavipanga mduara. Changu nikakiweka nje ya mduara, karibu na mlango. Walipoingia nikawaambia leo siongozi, naandika tu. Nikamwomba Mgeni aongoze. Akanitolea macho.

"Mimi? Nina mwezi mmoja hapa!"

"Ndiyo maana."

Swali nililoandika lilikuwa hili: Ni nini kibaya katika mpango wa mtunza stoo? Kila mtu aseme kimoja, tukianzia kwa mgeni kazini, tumalizie kwa mkongwe. Neno "sawa" haliruhusiwi.

Boila ilikuwa inapumua peke yake. Mwisho Mgeni akasema, "Mimi kusema kweli nilikatazwa kukubishia."

"Na nani?"

Bibi Pasi akainua macho, akawa anahesabu mabati.

"Bibi," nikasema.

"Ningefanyaje!" akasema. "Mtu amefiwa, anasimama pale amekonda, sauti haitoki, halafu tumrukie kwa mambo ya sabuni? Mimi sikulelewa hivyo."

"Nakushukuru," nikamwambia. "Lakini mnaniacha peke yangu."

Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Nikainama nikaandika tarehe, ingawa ilikuwa imeshaandikwa.

Fundi akakohoa. "Basi niseme. Mpango wako ni wa hovyo."

"Ongeza," nikasema.

"Wa hovyo kabisa! Damu ni maji baridi, saa ile ile, si kuirundika hadi jioni. Halafu korido ya boila haina hewa, unaozesha nguo mle. Mimi nimelala nikiota korido hiyo!"

"Kama unaota korido, mkeo ana hali gani?" Bibi Pasi akauliza, na watu wakacheka, kwa mara ya kwanza tangu vikao vianze. Kisha maneno yakaanza kutoka. Mgeni akasema wodi ya wazazi ifuliwe saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya zote. Fundi akasema mashine haiwezi kuwashwa saa hizo bila maji kujaa. Wakabishana. Mgeni akampa kila mmoja dakika mbili, akiangalia saa ya ukutani. Mimi naandika.

Ikafika zamu ya Toroli. Akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Mnabishana bure. Mashuka yapo."

"Nyamaza, wewe," Bibi Pasi akasema.

"Siwezi, Bibi. Nina familia, nikitolewa hapa naenda wapi? Mashuka yapo, kaka. Yapo wodini. Kila wodi imeficha, wanaogopa kukosa, na wakificha ndiyo tunakosa. Na walioanza ni wodi ya wazazi. Kule nyuma, chumba cha ndoo, kuna kabati la chuma." Akavua kofia. "La marehemu."

Sikuelewa mara moja. Nikauliza marehemu gani.

Bibi Pasi akajifunika uso kwa khanga, na hapo nikaelewa.

Toroli akaeleza akiwa anaangalia ukuta. Kwa mwaka mzima mke wangu alikuwa anamwomba mashuka ya ziada, mawili leo, matatu kesho. Kisha Toroli ananiletea karatasi kwamba yamechakaa na kuchanwa matambara, mimi nasaini. Bibi Pasi alikuwa anayapiga pasi. Fundi ndiye aliyetia kufuli kwenye kabati. Wote walijua isipokuwa mimi, niliyekuwa nalala naye chumba kimoja.

"Mbona hamkulivunja?"

"Tungelivunja vipi, na wewe upo?" Bibi Pasi akasema. "Wangeandika ripoti. Wangemwandika jina."

Nikaandika: Imeelezwa kwamba lipo kabati. Nikauliza ufunguo uko wapi. Toroli akasema alikuwa nao marehemu mwenyewe.

Kikao kilichukua saa moja na dakika arobaini. Kirefu kuliko vyote kwa pamoja.

Jumanne, 23 Aprili

Mkoba wake unaning'inia nyuma ya mlango wa chumbani. Nilimwomba binti yangu aushushe, mimi sikuweza kuinua mikono. Akaingiza mkono moja kwa moja kwenye mfuko wa pembeni akatoa ufunguo mdogo. Alijua ulipo.

"Na wewe pia?" nikasema.

"Aliniambia nisikwambie. Alisema ukijua utasaini ukweli, halafu utafukuzwa."

Nikamweleza kuhusu Jumatatu, Katibu na masista. Nikamwambia nitalitaja kabati.

"Litaje kabati. Mama usimtaje."

"Lina mwenyewe."

"Sema limekutwa limefungwa! Si kweli? Limekutwa limefungwa!"

"Nikisema hivyo, wale wa wodi nyingine nao watasema yao yamekutwa yamefungwa. Hakuna atakayefungua. Atakayeanza lazima awe na kitu cha kupoteza."

"Basi apoteze mwingine. Sisi tumeshapoteza." Alikuwa analia kwa hasira, nywele zimesimama. "Mama hakuiba, baba. Wataandika aliiba."

"Atakayeandika ni mimi," nikamwambia.

Akaingia chumbani kwake. Ni mara ya kwanza tangu Januari mlango wa nyumba hii kubamizwa.

Jumatano, 24 Aprili

Nimefungua kabati pamoja na sista wa wodi ya wazazi. Mashuka sitini na mawili, rafu nne. Rafu tatu ni za mashuka ya kawaida. Rafu ya usawa wa macho, ile isiyomlazimu mtu kuinama kuifikia, ilikuwa na mashuka makuukuu, yaliyofuliwa hadi yamelainika kama nguo ya ndani ya mtoto. Katikati ya kila rundo aliweka karatasi, mwandiko wake ule unaolala: Waliopasuliwa. Laini.

Sista akasema, "Sasa naelewa. Nilikuwa nashangaa wagonjwa wangu wa upasuaji hawalalamiki mishono kukwaruzwa. Tangu Februari wanalalamika."

Nikamwuliza kama atalisema hilo Jumatatu. Akasema atalisema.

Binti yangu hasemi nami. Chakula ananiwekea.

Jumatatu, 29 Aprili

Watu kumi na sita. Niliwachanganya walipokaa, sista mmoja, mfuaji mmoja, ili wasitazamane kama timu mbili. Katibu nikampa kiti cha kawaida, si cha mwanzo wa meza. Ajenda ilikuwa swali moja: Mashuka ya hospitali yako wapi?

Bibi Pasi aliniambia mlangoni, "Andika limekutwa limefungwa. Nakuomba kama mama yako." Nikambusu mkono nikaingia.

Nikasema: "Naanza mimi. Mashuka sitini na mawili yalikuwa kwenye kabati la wodi ya wazazi. Aliyeyaweka ni mke wangu. Alinificha, nami nikasaini bila kuangalia. Aliyaweka kwa ajili ya wagonjwa. Kosa lake ni kufuli. Kosa langu ni saini."

Katibu akaanza kuandika. Nikasubiri. Metroni aliwahi kuniambia ukiuliza usijijibu mwenyewe, uache kimya kifanye kazi. Niliuliza, "Nani mwingine?" kisha nikanyamaza. Nilihesabu mapigo ya boila. Yalifika thelathini na kitu.

Sista wa wodi ya watoto, mwanamke mkali ambaye Toroli humkimbia, akasema, "Sisi tunayo. Chini ya kitanda cha uchunguzi. Kama arobaini hivi."

Sista wa wodi ya wanaume akasema, "Sisi tumeyaweka kwenye tangi la maji bovu. Limekauka, msiniangalie hivyo."

Yule wa upasuaji akacheka hadi akavua miwani. Kisha wakasema wote, wengine wakiingiliana, na kazi yangu ikawa kuwapa zamu. Fundi akasimama kueleza maji baridi, akalipigania jambo lake mbele ya Katibu mpaka Katibu akaweka kalamu chini.

Mwisho Katibu akasema tubaki hadi Desemba, atatazama tena. Akaniangalia. "Jina la marehemu liingie kwenye muhtasari?"

"Liingie," nikasema, "na sababu yake pia."

Sista wa wodi ya wazazi akaisema sababu. Niliiandika neno kwa neno.

Jumanne, 30 Aprili

Nimelala hadi mchana. Metroni aliniruhusu.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua imekatika. Toroli amerudisha marundo matatu ya mwisho ya mashuka yaliyofichwa, akisindikizwa na vicheko.

Kikao, dakika thelathini na tano. Tumeamua: mashuka makuukuu yote yatengwe, yapelekwe rafu moja ya wodi ya wazazi kwa waliopasuliwa. Bila kufuli. Mhusika: Toroli. Siku: kila Jumatatu na Alhamisi.

Mgeni amesema Alhamisi haifai, iwe Ijumaa. Fundi amesema mimi sijui maana ya neno kuukuu. Bibi Pasi amesema naongea polepole mno, watu wana kazi.

Jioni nilimpa binti yangu muhtasari wa tarehe ishirini na tisa ausome. Aliusoma amesimama, mara mbili. Kisha akachukua kalamu yangu.

"Umekosea hapa. Umeandika alikuwa mhudumu miaka kumi na miwili. Ni kumi na mitatu."

Nikasema ni kumi na miwili, nakumbuka vizuri. Akaleta barua ya ajira kutoka kwenye mkoba, akaiweka mbele yangu, kidole kwenye tarehe.

Ni kumi na mitatu. Nimesahihisha.

Kwa hiyo leo nimebishiwa mara nne.